Safu ya Tatu, Safu ya Saba

Nilimchukia Vaileth mwaka mmoja mzima, na baada ya hapo nikamwogopa miaka yote iliyobaki. Nasema hivi mapema kwa sababu watu wakisikia kwamba mwezi uliopita nilisafiri kutoka Mbeya hadi Iringa kwenda kumzika mwenzangu wa zamani wa maabara, wanadhani nilikwenda kwa mapenzi. Habari ya kifo chake niliipata kwenye simu, katika kundi la watu waliowahi kupita kwenye maabara yetu. Mtu aliweka picha yake akiwa amesimama kwenye duka lake la dawa za mifugo, na chini yake watu wakaanza kupanga vialama vya mishumaa na viganja vya kusali, mmoja baada ya mwingine, hata wale ambao enzi zile hawakumwamkia. Mimi sikuandika kitu. Nilikuwa ofisini, mwanafunzi alikuwa mlangoni anasubiri nimsainie fomu, nikamwambia aje kesho. Alipoondoka nilifunga mlango kwa ufunguo, nikakaa, na jambo la kwanza lililonijia halikuwa huzuni. Lilikuwa nafuu. Nimefikisha umri wa kukaribia kustaafu na bado mwili wangu uliweza kufurahi kwamba yule aliyekuwa akinijua hayupo tena.

Maabara ilikuwa Iyunga, hapo hapo Mbeya, juu kidogo ya barabara kuu, nyumba ndefu ya matofali yenye madirisha ya chuma ambayo hayakuwahi kufunga sawasawa. Malori ya Zambia yakipita, mizani yetu ilitetemeka na namba zikaanza kukimbia, ikabidi usubiri lori lipotee ndipo upime. Humo ndani tulisoma kimelea kinachoua ng'ombe, kile kinachoenezwa na mbung'o. Ni kiumbe cha chembe moja tu, lakini ukikipasua unakuta kina vyumba. Kuna mitokondria, chumba kinachokipa nguvu, na kuna vifuko vidogo vidogo vya kusagia sukari, na kila kimoja kimezungushiwa utando wake. Kwenye tando hizo zimepachikwa protini zinazofanya kazi ya milango: hiki kipite, kile kibaki nje. Sisi tulishughulika na protini moja tu. Dokta Lwitiko, msimamizi wetu, alikuwa ameshaandika miaka ya nyuma kwamba inakaa kwenye utando wa ndani wa mitokondria, na mtaalamu mmoja wa Ulaya akamwandikia barua ya kumdharau, kwamba ushahidi wake hautoshi. Barua hiyo aliitunza kwenye droo ya juu. Mwaka ule alitaka tuijibu.

Tulikuwa wanafunzi wawili wa uzamili, Vaileth na mimi, na alituita ofisini kwake siku ya kwanza tukiwa bado hatujajuana majina. Alikuwa anamenya karanga za kuchemsha na kupanga maganda kwenye ukingo wa meza. "Subilaga," aliniambia, "wewe utavikuza kwenye chupa, kwa joto lile lile la tumboni mwa mbung'o." Akamgeukia mwenzangu. "Wewe, binti wa Iringa, utavitoa kwenye damu. Utakwenda Usangu kwa wafugaji, utachukua damu ya ng'ombe wagonjwa, utaipandikiza kwa panya. Protini ni hiyohiyo. Kila mtu na daftari lake. Sitaki kusikia mmeoneshana, maana mkianza kuzungumza mtaona kitu kimoja hata kama hakipo." Kisha akasema, bila kuinua macho kwenye karanga zake, kwamba nafasi ya kwenda nje kusomea uzamivu ilikuwa moja. Leo, nikiwa na wanafunzi wangu mwenyewe, naelewa kwamba sharti la daftari lilikuwa na maana yake kitaalamu. Lakini lile la nafasi moja, na namna alivyolitamka, lilikuwa la kutugombanisha tu, na lilifanya kazi kabla hatujafika mlangoni. Vaileth alitangulia kutoka, akauachia mlango ukanirudia usoni.

Ubaya ni kwamba tulipangiwa chumba kimoja. Kilikuwa nyumbani kwa mjane mmoja, Mama Anyisile, hatua chache kutoka maabara: vitanda viwili, dirisha moja, sakafu ya saruji iliyokuwa ya baridi hata saa saba mchana. Wiki ya pili Vaileth aligongelea misumari ukutani, akatundika kitenge katikati. Dirisha likabaki upande wake. Nilimwambia, "Umechukua mwanga wote." Akajibu, "Na wewe umechukua mlango. Tutakuwa tunapitishana." Tulipika mbalimbali. Mama Anyisile alisimama jikoni siku ya kwanza akiangalia sufuria mbili za maharage zikisubiri moto mmoja, akapiga makofi kwa mshangao. "Nyie mabinti mna nini? Watu wawili, maharage mawili? Hapa kwangu moto ni huu huu, mtajua wenyewe nani anaanza." Nilianza mimi, siku zote, kwa sababu nilikuwa naongea naye Kinyakyusa na alinipa nafasi. Vaileth alisubiri amekaa kwenye kigoda, kimya, mpaka ndizi zangu ziive, ndipo asonge ugali wake. Nilichukia alivyokula. Alikula bila haraka yoyote, akibonyeza tonge kwa kidole gumba, akichovya, akitafuna huku anatazama mbele kama mtu aliyeko peke yake nyumbani kwake. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilikuwa nakaa upande wa pili wa kitenge nikisikiliza mtu akitafuna, nikihesabu matonge.

Siku moja, nikiwa bafuni, nilimsikia Mama Anyisile akiongea na jirani yake upande wa pili wa ukuta. Walikuwa wanapukuchua mahindi, wanaongea Kinyakyusa, wakijua Vaileth hasikii na wakidhani mimi nipo maabara. Jirani aliuliza wapangaji wanaishije. "Huyu Mhehe ana kiburi," Mama Anyisile alisema, "anasalimia kama analazimishwa. Lakini huyo simwogopi, moyo wake uko nje. Wa kumwogopa ni huyu mtoto wetu. Huyu anatabasamu." Wakacheka kidogo, wakaendelea na mahindi. Nilibaki nimeshika kata ya maji mpaka nikaanza kutetemeka kwa baridi. Jioni ile nilimsalimia Mama Anyisile kwa heshima zote, nikatabasamu, na alipoitikia "ndaga, mwanangu" nilijua ananitazama meno.

Kila Ijumaa tulisimama mbele ya watumishi wa maabara na kueleza tulichofanya. Daftari hatukuoneshana, lakini maswali yaliruhusiwa. Mwezi wa tano nilieleza kwa fahari jinsi chupa zangu zilivyostawi, vimelea mamilioni kwa mamilioni, safi. Vaileth akanyoosha mkono. "Naomba kuuliza. Hivi Subilaga umewahi kukiona kimelea hiki kikiwa ndani ya damu?" Nilisema sihitaji. Nilisema vya kwangu havina takataka za ng'ombe. "Ng'ombe siyo takataka," alisema, sauti yake ileile ya chini. "Kikiwa humo ndipo kinapoua. Mimi nadhani mtu anayekisoma angalau akitazame." Watu walicheka. Dokta Lwitiko naye alicheka, na ndicho kilichoniuma. Nilirudi kwenye kiti changu masikio yanawaka moto, na sikusikia neno lolote lililosemwa baada ya hapo.

Nililipiza kupitia panya. Panya wake weupe walikaa kwenye chumba cha pembeni chenye hita, na ni kweli walinuka, lakini si kuliko panya wengine wowote. Niliandika barua rasmi kwa Dokta nikilalamika kwamba harufu inaingia kwenye chumba cha chupa na inaweza kuharibu kazi. Niliandika kwa lugha nzuri sana. Wakahamishiwa stoo ya nyuma, na huo ulikuwa mwezi wa saba, wakati Mbeya unaamka unakuta nyasi zimekuwa nyeupe kwa baridi. Asubuhi ya tatu walikuwa wamekufa wote. Vaileth alikuja chumbani mchana, akakivuta kitenge pembeni kwa mara ya kwanza tangu akitundike.

"Barua umeandika wewe," alisema.

"Walikuwa wananuka."

"Ungeniambia, ningesafisha."

"Hatuzungumzi, mimi na wewe."

Akanitazama kidogo. "Kweli," alisema, akakirudisha kitenge mahali pake. Kesho yake alifunga begi akaenda tena Usangu kutafuta damu nyingine.

Alikaa huko zaidi ya wiki mbili. Aliporudi, viatu vina tope na uso umeungua kwa jua, nilimsikia akimsimulia Mama Anyisile jikoni wakati mimi nimejilaza. Alilala kwa familia moja ya Wasukuma waliohamia na mifugo yao miaka mingi iliyopita. Mama mwenye boma alimpa maziwa ya mgando kila asubuhi na kumtandikia ngozi. Ng'ombe walikuwa wamebaki wachache, wengine wanasimama tu, mbavu nje, machozi yanawatoka. "Aliniuliza nakuja kufanya nini na damu," Vaileth alisema. "Nikamwambia kuna mlango ndani ya mdudu, tunautafuta. Akaniuliza, 'Mkishaujua ulipo, mtaufunga?'" Mama Anyisile akauliza alimjibu nini. "Nilimwambia tutajaribu, mama." Sikuwahi kumsikia akitumia sauti ile. Nilivuta blanketi kichwani. Katika miezi saba ya kazi yangu hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama nitafunga kitu, na badala ya kuona aibu niliona wivu.

Matokeo yalikuja mwezi wa kumi, wakati joto limeanza na vumbi la barabara linaingia kila mahali. Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Unavipasua vimelea taratibu, unamimina mchanganyiko juu ya maji mazito ya sukari, unaweka kwenye mashine inayozunguka kwa kasi kubwa sana, na ikisimama kila sehemu ya kimelea imetulia kwenye kina chake. Unachota kuanzia juu kwenda chini, tabaka kumi, kila moja kwenye mrija wake. Halafu unatumia kingamwili inayoitambua ile protini, na kwenye filamu, kama zile za eksirei, kunatokea mstari mweusi kwenye safu ya tabaka ambamo protini imo. Kwangu mstari ulitokea safu ya tatu. Hiyo ni safu ya mitokondria, palepale Dokta aliposema siku zote. Aliishika filamu yangu dirishani, akaitazama muda mrefu, akanipiga bega. Kwa Vaileth mstari ulitokea safu ya saba, kwenye vile vifuko vya sukari. Safu ya tatu kwake ilikuwa tupu kabisa.

Nilikuwa naosha vyombo chumba cha pili mlango ukiwa wazi, nikawasikia. "Umechanganya mirija," Dokta alisema.

"Hapana, Dokta. Nimerudia mara tatu."

"Basi umekosea mara tatu, au umedanganya mara tatu. Unataka kuniaibisha mimi kwa wale watu wa Ulaya?"

"Njoo usimame nami, Dokta. Nifanye ya nne unaona kwa macho yako."

"Nisimame nawe? Mimi?" Kiti kilisukumwa. "Leta ufunguo."

Akamnyang'anya ufunguo wa maabara. Kikao cha nidhamu kikapangwa Jumanne iliyofuata, kwa shtaka la kughushi matokeo. Nakumbuka niliendelea kuosha chupa ambazo zilikuwa zimeshatakata.

Jumamosi niliingia maabara peke yangu, nikafungua friza na kutoa mirija ya Vaileth. Nataka kusema ukweli kuhusu nia yangu: nilikuwa natafuta ushahidi wa kummaliza. Niliamini kabisa kwamba ameghushi, na nilitaka Jumanne niingie kikaoni na filamu mkononi. Nilikimbiza sampuli zake na zangu pamoja, kwenye jeli moja, kile kibamba laini ambamo umeme hutenganisha protini, kwa kingamwili ileile, ili pasiwe na neno. Jumapili alasiri, watu wakiwa wametoka kanisani na barabara imetulia, niliisafisha filamu kwenye chumba cha giza, nikaitoa nje nikaishika kwenye jua. Mistari ilikuwa miwili. Wangu safu ya tatu, wake safu ya saba, yote miwili myeusi, safi, haina hata kivuli cha shaka.

Nilikaa kwenye ngazi. Ilinichukua muda mfupi sana kuelewa, na ndiyo sababu sina pa kujifichia. Tumboni mwa mbung'o hakuna sukari ya kutosha, kwa hiyo kimelea kinategemea mitokondria. Kwenye damu ya ng'ombe kinaogelea katika sukari, mitokondria inalala, kazi yote inahamia kwenye vile vifuko. Hilo tulilijua tangu mwaka wa kwanza wa chuo. Tulichokuwa hatujui, na ambacho nadhani hakuna mtu aliyekuwa anakijua, ni kwamba protini yetu inahama pamoja na kazi. Kimelea kikibadilisha makazi, kinang'oa mlango huku na kuupachika kule. Dokta alikuwa sahihi, mimi nilikuwa sahihi, Vaileth alikuwa sahihi, na kitu hicho kilikuwa kikubwa kuliko vyote tulivyokuwa tunavigombania. Lazima niseme kwamba kwa dakika chache nilifurahi furaha ya kweli, ile ambayo mtu anaipata mara moja au mbili katika kazi hii. Nilisimama ili nikamwambie. Alikuwa hatua mia moja tu kutoka pale. Halafu nikafikiria kikao kitasemaje nikiingia na filamu ile: kwamba binti wa Iringa ndiye aliyeona kitu kipya, na mimi nilithibitisha cha zamani. Nikafikiria ile nafasi moja. Nikaenda kuchukua mkasi.

Niliikata vipande vidogo, nikavidumbukiza kwenye choo cha shimo nyuma ya stoo. Mirija niliirudisha kwenye friza ilivyokuwa. Kisha nilikwenda nyumbani nikala, ndizi na maharage, sahani nzima, na nilikuwa na njaa kweli. Upande wa pili wa kitenge Vaileth alikuwa anaandika utetezi wake. Nilisikia kalamu ikienda, ikisimama, ikienda.

Kikao kilikuwa cha watu watatu nisiowafahamu, pamoja na Dokta Lwitiko aliyekaa pembeni amekunja mikono. Vaileth alijieleza vizuri. Aliomba jambo moja tu, kwamba mtu mwingine apewe mirija yake arudie kazi. Mwenyekiti, mzee mwenye sauti ya upole, alinigeukia. "Binti, wewe umeishughulikia protini hiyohiyo mwaka mzima. Tusaidie. Kuna namna yoyote ambayo matokeo ya mwenzako yanaweza kuwa ya kweli?" Dirisha lilikuwa wazi na lori lilikuwa linapita. Nilisubiri lipite, kama tulivyozoea kusubiri tukiwa kwenye mizani. Watu wote waliona kwamba nafikiri. "Sioni namna," nilisema. Vaileth alinigeukia akanitazama, na mimi nikatazama chini. Mwenyekiti akaandika.

Vaileth alifukuzwa masomo, akaondoka kesho yake. Mama Anyisile alimpikia chai ya maziwa na viazi, akakaa naye mpaka amalize, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia mimi. Nilidhani ataondoka bila neno, na nilikuwa nimejilaza nimegeukia ukuta. Alifungua kitenge akakikunja vizuri, mwanga ukanifikia kitandani. "Subilaga," alisema. "Ungesema hujui. Wewe ungesema tu, 'Sijui.' Hiyo ningeielewa." Alisubiri kidogo, nadhani akitegemea nigeuke. Halafu akachukua begi lake. Nilisikia akimuaga Mama Anyisile uani, na yule mama akimjibu kwa Kiswahili chake chote kigumu, "Nenda salama, mwanangu, nenda na Mungu wako."

Nafasi niliipata mimi. Nilikwenda nje, na mwaka wa pili wa masomo yangu huko, kwa mashine nzuri na umeme usiokatika, nikafanya upya kile nilichokifanya ile Jumapili: vimelea vya chupa upande huu, vya damu upande ule, jeli moja. Safari hii sikukata filamu. Niliiandika kama yangu. Makala ile ndiyo iliyonipa jina, ndiyo iliyonirudisha nchini kwa heshima, ndiyo inayotajwa kila ninapokaribishwa kuzungumza. Jina la Vaileth halimo, hata kwenye shukrani. Dokta Lwitiko aliisoma, akanipongeza kwa barua fupi, na hakuuliza kitu. Alifariki miaka kadhaa baadaye na hatukuwahi kulizungumza. Miezi sita baada ya kurudi kwangu nilipokea bahasha yenye muhuri wa posta ya Iringa. Ndani kulikuwa na nakala ya ukurasa wa kwanza wa makala yangu, na pembeni mwandiko ninaoujua umeandika kwa kalamu ya wino maneno matatu: "Sasa umeona namna." Hakuna salamu wala jina. Niliichana siku hiyo hiyo. Kwa miaka iliyofuata kila niliposimama mbele ya watu kuzungumzia tando za ndani za kimelea, nilipitisha macho kwanza kwenye viti vya nyuma.

Hakuwahi kuja. Sasa mimi ndiye niliyekwenda. Nilifika Iringa asubuhi ya mazishi, nikaelekezwa hadi nyumbani kwake, juu kwenye mteremko, turubai mbili zimefungwa kati ya miti ya matunda, wanaume upande mmoja na wanawake upande wa pili kwenye mikeka. Walikuwapo wafugaji wengi. Wengine walikuwa wametoka mbali, wameegemea fimbo zao nyuma ya umati, na nikaelewa kwamba katika duka lile watu hawa walikuwa wakimletea wanyama wao wagonjwa miaka yote. Kaka yake alisimama kusoma wasifu wa marehemu. Alisoma alikozaliwa na alikosoma. Halafu akasoma, "Alijiunga na masomo ya uzamili mkoani Mbeya, ambayo hakuyamaliza kutokana na maradhi," akafungua ukurasa.

Sikupanga. Nataka niaminiwe kwa hilo, ingawa sijui kama linanisaidia. Mchungaji aliposema kama yupo rafiki wa masomo atupe neno moja, nilikuta nimesimama na kipaza sauti kiko mkononi mwangu. Nilijitaja jina na cheo. Nikasema marehemu hakuugua. Nikasema alifukuzwa kwa shtaka la kughushi, kwamba hakughushi chochote, kwamba nilikuwa na ushahidi mkononi nikauharibu, na kwamba kazi iliyonifanya niitwe profesa ilianzia kwake. Nilisema yote, na nilipokuwa nasema nilijisikia mwepesi. Nilidhani ule ukimya ulikuwa wa kunisikiliza. Kisha nikaona nyuso za mbele. Walikuwa wanamtazama bibi mmoja mzee sana aliyekaa karibu na jeneza, mama yake Vaileth, na bibi yule alikuwa anageuka huku na huku akiuliza kwa Kihehe kitu ambacho hakuna aliyemjibu. Neno moja nililitambua kwa sababu lilikuwa la Kiswahili. Alikuwa anauliza, "Kufukuzwa?" Kaka mtu alikuja akakichukua kipaza sauti kwenye mkono wangu, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. "Inatosha, mama. Kaa," alisema. Mtu akaiashiria kwaya, na kwaya ikaanza kuimba kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika.

Baada ya kuzika, watu wakiwa wanapakuliwa chakula, binti yake alinifuata. Anaitwa Upendo, ni mtu mzima, ana macho ya mama yake. Alikuwa ameshika sahani mbili. Nilisimama nikaanza kumpa pole, akanikatisha.

"Shikamoo, mama," alisema kwanza.

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi alimuuguza mama miezi mitatu aliporudi kutoka huko kwenu. Alikuwa hali chakula, halali usingizi. Bibi anaamini mpaka leo kwamba ilikuwa homa ya Mbeya, na kwamba maombi yake ndiyo yalimponya. Mimi mama aliniambia ukweli nikiwa kidato cha sita. Akaniambia bibi asijue maisha yake yote. Alilitunza hilo kwa miaka yote hii. Wewe umemwambia leo. Leo, jeneza lipo mbele yake."

"Nilitaka watu wajue mama yako alikuwa mkweli."

"Watu hawa?" Aliwatazama wale wafugaji waliokuwa wamekaa kwenye nyasi na sahani zao. "Hawa walikuwa hawajui kwamba mama ni mkweli? Hapa nani alimtilia shaka? Wenye shaka wako kwenye vitabu vyenu. Huko umeandika?"

"Hapana. Bado."

"Basi kaandike huko," alisema. "Jina lake lote, na lako, na ulichofanya. Usirudi hapa kutuambia umeandika. Sisi tutasoma."

Akanipa sahani moja. Ilikuwa na wali, kabichi na vipande viwili vya nyama, na ameipakua vizuri, kama inavyopakuliwa sahani ya mgeni wa mbali. "Kula, mama," alisema. "Halafu uondoke." Akaenda kukaa na bibi yake. Wanawake waliokuwa kwenye mkeka wangu walikuwa wameshahamia mwingine, wakaniachia wote. Nilikaa katikati yake. Sikuwa na njaa, lakini nilikula, nikitafuna polepole, mbele ya watu wote, mpaka sahani ikabaki nyeupe, na hakuna aliyenigeukia hata mara moja.